NDEGE BADO HAZIJARUKA

Wiki jana tulifunga ukurasa Dorotea Shigela akiwa mbele ya maikrofoni, vipokea sauti masikioni, karatasi mkononi, na sentensi mbili asizoweza kuzisoma.

Sentensi zenyewe zilisema hivi: "Asubuhi ya leo, Ijumaa, ndege zetu zimeteketeza ghala la silaha la waasi katika mji wa Kirambi. Hakuna raia aliyeumia."

Shida ni kwamba siku hiyo ilikuwa Alhamisi, saa tisa alasiri.

Kama gazeti la wiki jana lilikupita, mjue kwanza huyu mwanamke. Dorotea alikuwa mtangazaji wa serikali mpaka walipopunguza watu. Akakaa nyumbani Ilemela mwaka mzima akifuga kuku wa mayai, hadi bwana Chenge alipomfuata. Chenge aliwahi kuwa bosi wake. Siku hizi ni mkurugenzi. Ana kituo chake binafsi cha redio juu ya kilima cha mawe kinachotazama ziwa, na ana mteja mmoja mkubwa: serikali ya nchi jirani, kule magharibi, inayopigana na waasi wake. Mteja huyo anataka vita vyake visikike vizuri kwa Kiswahili.

Dorotea alishusha karatasi.

"Iqbal," aliita. "Leo ni siku gani?"

Nyuma ya kioo, Iqbal, fundi mitambo, hakuinua uso. "Soma, Dorotea."

"Nimekuuliza leo ni siku gani."

"Mimi nazungusha vitufe tu. Soma."

Dorotea hakuweza kusoma. Dada yake Wilhelmina alikuwa ameondoka Mwanza Jumanne juu ya lori la mzee Yunus, na magunia ya dagaa kutoka Nansio. Alikuwa anakwenda kuuza gulioni. Gulio lenyewe ni Kirambi, kila Ijumaa.

Mlango ukafunguliwa. Chenge akaingia, tai imelegezwa, uso umetulia.

"Kuna nini?"

"Mkurugenzi, hii habari haijatokea."

"Ndiyo. Ni ya kesho."

Alisema vile mtu anavyosema maziwa ni ya kesho.

"Tunarekodi mapema," Chenge akaendelea. "Kesho saa saba mchana waziri wao atasema, balozi wao atasema, jeshi litasema, na sisi tutasema. Wakati mmoja, maneno yaleyale. Zamani kila mmoja alikuwa anasema lake, wakaumbuka. Ndiyo maana wakatutafuta sisi."

"Na kesho raia akiumia?"

Chenge alimwangalia kama hakuelewa swali.

"Taarifa inasema hakuna aliyeumia."

Dorotea aliinua tena karatasi. Alielewa kwamba akibisha pale, hatatoka kwenye chumba kile mapema, na yeye alihitaji kutoka. Akavaa tena vipokea sauti. Taa nyekundu ikawaka.

Akasoma yote, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kukosea hata herufi.

Jambo lililomtia kinyaa ni kwamba alisoma vizuri. Sauti ilitoka nzito na ya upole, ile ambayo wasikilizaji waliizoea kwenye salamu za wagonjwa. Alipofika "hakuna raia aliyeumia", sauti ikashuka taratibu yenyewe, kama ilivyofunzwa.

"Safi," alisema Chenge. "Sasa njoo chini. Wakubwa wanataka kunyoosha Kiswahili."

Wakubwa walikuwa wawili, na walikuwa wanakula.

Wa kwanza alikuwa Kanali, msemaji wa jeshi la ile nchi. Alivaa kiraia, kaunda suti ya kijivu. Wa pili walimwita Mshauri, mzungu mwembamba aliyekulia misheni, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha Kanali. Mbele yao palikuwa na sangara wa kukaanga, minofu mitupu, na ndimu. Mafuta yalikuwa yamedondokea kwenye taarifa.

"Karibu, Dorotea," alisema Mshauri. "Tumekwama kwenye idadi. Waasi waliouawa. Kanali anataka arobaini."

"Arobaini ni namba nzuri," alisema Kanali.

"Arobaini inasikika kama mtu amekadiria. Thelathini na saba inasikika kama mtu amehesabu."

Kanali alitafuna, akafikiri, akakubali kwa kichwa. Mshauri akaandika. Hivyo ndivyo watu thelathini na saba walivyokufa, msomaji wangu, mezani, kati ya mnofu mmoja wa samaki na mwingine.

"Na hili neno 'kuteketeza'," Mshauri akaendelea, "si kali mno? Kuna 'kusafisha'. Dorotea, mama wa kijijini akisikia 'tumesafisha eneo', anaelewaje?"

"Anaelewa mmefagia," alisema Dorotea.

"Vizuri sana. Tuweke 'kusafisha'."

Chenge alicheka kidogo. Dorotea alitazama ule mdomo wa Mshauri unaong'aa mafuta, na hapo uvumilivu ukamwisha.

"Kesho ni gulio Kirambi," alisema.

Chenge alimkanyaga mguu chini ya meza. Dorotea akaendelea.

"Kuna watu wengi pale. Wanawake. Wengine wametoka hapahapa Mwanza, wauza dagaa. Hakuna ghala la silaha. Kuna soko."

Kanali aliweka uma chini. Dorotea alifikiri amefanya jambo. Alidhani huenda hawakujua. Aliwaona wakitazamana, akaamini kwa dakika nzima kwamba sasa watanyanyua ile simu yao ya satelaiti na kusema subirini.

Mshauri alifuta vidole kwa kitambaa.

"Hili hatukulifikiria," alisema. "Asante. Kama kuna wauza dagaa, basi kutakuwa na picha za wauza dagaa. Watu watauliza. Lazima tuwe tumeshajibu kabla hawajauliza." Akachukua kalamu, akaandika huku akitamka neno moja moja. "Waasi... waliokuwa wakijifanya... wauza dagaa."

"Hiyo ni nzuri," alisema Kanali.

"Ni ya Dorotea," alisema Mshauri.

Akarudishwa juu kurekodi upya.

Nitawaambia tu kwamba alisoma. Alisema kwa kinywa chake kwamba waasi thelathini na saba, waliokuwa wakijifanya wauza dagaa, wamesafishwa. Dada yake angekuwa mmoja wao kama kesho yake angesimama gulioni na kibaba mkononi. Alipomaliza alikimbilia chooni akatapika.

Iqbal alikuwa amesimama nje ya mlango alipotoka.

"Ni dada yako yuko huko?" aliuliza.

"Wilhelmina. Mkubwa wangu."

"Pole." Iqbal alikuwa mtu wa maneno machache, mzaliwa wa Mwanza, baba yake alikuwa na duka la redio miaka mingi. Akamtazama moja kwa moja. "Wiki mbili zilizopita ulisoma taarifa ya mabomu ya mji wa Musenyi. Hukutapika."

Dorotea aliteremka kilima akiwa amebeba viatu mkononi ili aende upesi juu ya yale mawe.

Yadi ya mzee Yunus iko Mirongo, si mbali na mto. Kilichokukaribisha pale ni harufu ya mapanki, mabaki ya sangara. Minofu ilikuwa imeondoka kwenda kwa akina Mshauri, na mafuvu na mifupa yalikuwa yanakaangwa kwenye mapipa kwa ajili ya wenye mji. Dorotea aliziba pua kwa khanga, akapita.

"Shikamoo, mzee Yunus."

"Marahaba, binti Shigela. Mbona unahema?"

"Nataka redio koli. Nataka kuongea na lori la dada."

Yunus alikuwa na malori matatu na redio koli moja, mezani, chini ya picha ya Maka. Ndiyo iliyomwambia magari yake yako wapi. Alisikiliza habari ya Dorotea bila kumkatiza, huku akivua miwani na kuivaa tena.

"Hiyo redio inasikika na kila mtu," alisema mwishoni. "Misheni wanasikia, wachimba dhahabu wanasikia, jeshi la hao watu wako linasikia. Ukisema ndege zinakuja, kesho leseni yangu ya kuvuka mpaka imekwisha. Na lori langu litazuiwa kule."

"Nitasema Kisukuma."

Yunus alifikiri. Alikuwa mtu wa Tabora kwa asili, mkewe Msukuma wa Magu. Akawasha mtambo.

Walimwita dereva, Ngosha, mara nyingi mno. Sauti ikaja ikipasukapasuka. Ngosha yuko Kirambi, wamefika salama, mizigo inashushwa, ova. Wilhelmina huyu hapa.

"Dorotea?" Sauti ya dada yake ilikuwa na furaha. "Kuna nini? Kuku wamekufa? Ova."

Dorotea akamwambia kwa Kisukuma. Asilale pale. Asisimame gulioni. Waondoke wote, na awaambie wengine waondoke. Kesho kitu kitatoka juu.

Mkwaruzo mrefu.

"Umeyasikia wapi? Ova."

"Mimi ndiye nitakayetangaza. Nimeshatangaza. Iko kwenye mkanda. Ova."

Mkwaruzo tena, mrefu kuliko wa kwanza. Wilhelmina aliporudi, furaha ilikuwa imekwisha.

"Mimi nilijua unasoma salamu na bei za pamba. Kumbe ile sauti ya Musenyi ni wewe. Safari iliyopita niliisikia hapa kwenye redio ya mtu, nikamwambia inafanana na ya mdogo wangu. Akaizima, akatema mate. Ova."

Dorotea alibonyeza kitufe, akakiachia.

"Basi," alisema Wilhelmina. "Nitawaambia. Tutaondoka alfajiri na wote watakaokubali. Tutapita Ruhama, tuvuke daraja, mchana tuko mpakani. Lala. Ova."

Yunus alizima mtambo. Dorotea akalia kidogo, kwa nafuu zaidi kuliko kwa huzuni. Alidhani amewashinda.

Asubuhi ya Ijumaa alipanda kilimani mwenyewe, kwa hiari. Alitaka kuziona nyuso zao watakapoambiwa kwamba gulio ni tupu.

Kanali alikuwa anakunywa chai. Hakuwa na wasiwasi wowote.

"Mabadiliko madogo," alisema. "Wasikilizaji wetu wa jeshi jana walinasa maongezi ya wafanyabiashara kwenye redio koli. Lugha hawakuijua. Waliokota majina ya mahali tu." Akaweka kikombe chini. "Asubuhi hii Kirambi imehama. Waasi wako barabarani wanaelekea mpakani, malori na baiskeli. Watabanana kwenye daraja la Ruhama saa sita. Ndege zitawakuta hapo."

Dorotea alishika kiti.

Yeye ndiye aliyewatoa sokoni, ambako wangeweza kutawanyika, akawapeleka kwenye daraja.

"Wewe Dorotea unajua lugha gani za hapa?" aliuliza Kanali.

"Kidogo kidogo," alisema Dorotea. "Kila mtu hapa anajua kidogo kidogo."

Chenge alijua kabisa kwamba Dorotea ni Msukuma wa kuzaliwa, alikwenda hadi kwao Magu kwenye msiba wa baba yake. Aliinamisha macho kwenye chai. Angesema, Kanali angeuliza nani aliyemleta mwanamke huyu, na mkataba ungeondoka naye. Dorotea aliona hesabu hiyo ikipita usoni mwake, akaichukia hata kuliko vile angechukia kama Chenge angemtaja.

"Taarifa inabaki ileile," alisema Mshauri. "Inabadilika sehemu moja. Panapoitwa Kirambi, sasa ni daraja la Ruhama. Hatuna haja ya kurekodi upya yote, wenzetu wameshapata nakala na hatutaki tofauti yoyote ya maneno. Fundi atapachika. Tunahitaji maneno matatu tu kutoka kwako."

"Kipindi cha salamu kinaanza sasa hivi, saa nne," alisema Chenge haraka. "Asome salamu kwanza, moja kwa moja, kama kila siku. Akimaliza atarekodi hayo maneno."

"Hakuna shida," alisema Mshauri.

Dorotea alipanda ngazi. Kwenda Mirongo asingewahi, na Ngosha akiwa safarini huzima redio koli kutunza betri. Lakini kulikuwa na redio nyingine ndani ya lori lile, ile ya kawaida, ya muziki. Na Ngosha hakosi salamu za saa nne. Mwenyewe alikuwa ametuma kadi nyingi tu.

Aliketi. Iqbal alimtazama kupitia kioo.

"Iqbal," alisema, kabla taa haijawaka. "Leo nitasoma kitu ambacho hakimo."

Iqbal akainuka, akaenda mlangoni, akazungusha ufunguo, akarudi kukaa. Taa nyekundu ikawaka.

"Hamjambo wasikilizaji," alisema Dorotea. Ile sauti nzito ya upole haikuja. Ilikuja nyingine, nyembamba, ya haraka. "Nawaambia mlioko barabara ya Kirambi kwenda mpakani. Msivuke daraja la Ruhama. Narudia, daraja la Ruhama. Ndege zitapiga hapo saa sita. Bado hazijaruka. Mna muda. Shukeni kwenye magari, ingieni mashambani, mwambieni kila mnayekutana naye. Ngosha, simamisha lori. Dada Wilhelmina, ni mimi, mdogo wako Dorotea. Nisikie."

Mlango ulianza kupigwa.

"Iqbal, fungua," ilikuwa sauti ya Chenge. "Fungua mlango huu."

"Umekwama, mkurugenzi," alisema Iqbal, bila kugeuka.

Dorotea alirudia yote tangu mwanzo. Alikuwa anaanza mara ya tatu taa ilipozimika, na mashine zote zikazimika nayo. Chenge alikuwa amekata umeme wa jengo zima.

Walipofungua mlango, Dorotea alitegemea makofi, au polisi. Chenge alisimama pale jasho likimtoka. Nyuma yake alikuwepo Mshauri, mikono mfukoni.

"Una ujasiri," alisema Mshauri. Hakuonekana kukasirika. "Kituo hiki kinafika mbali kiasi gani saa nne, Chenge?"

"Asubuhi si mbali sana. Hadi mpakani na kidogo mbele yake."

"Na saa saba?"

"Saa saba tunapitia mitambo ya kule kwao. Nchi nzima."

"Basi," alisema Mshauri. Akamgeukia Dorotea. "Nenda nyumbani, mama. Na wewe fundi. Asanteni."

Hakuna aliyewazuia. Hilo lilimsumbua Dorotea njia yote ya kuteremka, na hakujua ni kwa nini.

Alikwenda yadi ya Mirongo, na Iqbal akamfuata bila kuulizwa. Mzee Yunus alikuwa ameshasikia. Hakusema neno juu ya leseni. Aliwasha redio koli, akavuta kiti, akamwita Ngosha. Akamwita tena. Saa tano. Saa sita. Saa sita na nusu. Hakuna aliyejibu, ila misheni moja iliyokuwa inaulizia dawa za minyoo.

Saa saba mtu fulani jirani alifungua redio kwa sauti ya juu, kama kawaida ya Mirongo. Muziki wa taarifa ya habari ukalia. Kisha wote watatu wakasikia sauti ya Dorotea, nzito na ya upole.

"Asubuhi ya leo, Ijumaa, ndege zetu zimesafisha ghala la silaha la waasi katika daraja la Ruhama. Waasi thelathini na saba, waliokuwa wakijifanya wauza dagaa, wamesafishwa. Hakuna raia aliyeumia."

Dorotea alisimama.

"Sikurekodi hayo," alisema. "Iqbal, sikusema Ruhama kwenye mkanda. Niliondoka kabla. Sikurekodi."

Iqbal alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza, macho ameyafumba.

"Neno hilo liko juu kuliko mengine," alisema taratibu. "Linakimbia. Si la jana, ni la leo. Salamu huwa zinarekodiwa zikiwa hewani. Wameling'oa kwenye onyo lako. 'Msivuke daraja la Ruhama.' Wamekata 'daraja la Ruhama', wamepachika." Akafungua macho. "Ni kazi ya wembe na gundi. Chenge anaiweza. Yeye ndiye aliyenifundisha."

Ndiyo maana hawakumzuia. Walikuwa wanahitaji maneno matatu kutoka kwake, na alikuwa ameshawapa, zaidi ya mara moja, kwa sauti ya kuomba watu waokoke.

Dorotea alikaa chini, pale pale kwenye vumbi la yadi. Moshi wa mapanki ulimpitia usoni. Alijifuta ulimi kwa ncha ya khanga kama mtu aliyemeza kitu kibichi, akaufuta tena.

Redio koli ikakwaruza.

"Mwanza, Mwanza, huyu Ngosha. Mnanipata? Ova."

Yunus alirukia kitufe. "Tunakupata, Ngosha. Sema. Ova."

"Tuko hai. Tulisikia saa nne, mzee. Nilisimamisha gari, watu wote wakashuka, tukawageuza na wale wa nyuma. Tuko migombani, kabla ya daraja. Lori limepasuka vioo tu. Dada Wilhelmina huyu hapa. Ova."

Iqbal alimshika Dorotea mkono akamnyanyua. Wilhelmina alipoanza kusema alikuwa anahema.

"Dorotea. Tulikusikia. Watu walinibeba, unasikia? Walinibeba juu wakaimba, wakasema huyu ndiye dada yake. Kila mtu barabara hii sasa anajua mimi ni dada yako. Ova."

"Asante Mungu," alisema Dorotea. "Asante Mungu. Ova."

"Ngoja. Sijamaliza." Kelele za watu zilisikika nyuma yake, nyingi, na mtoto analia. "Kulikuwa na basi. Lilikuja kutoka upande wa pili, kutoka mpakani. Kwaya ya kanisa, wanakwenda kwenye mkutano wa injili. Wao hawakuwa na redio. Tuliwapungia khanga, wakadhani tunawasalimu, wakatupungia. Walikuwa katikati ya daraja. Ova."

Mzee Yunus alivua miwani.

"Waliobaki tumewatoa majini," aliendelea Wilhelmina. "Wako hapa na sisi, na ndugu zao wameanza kuja kutoka vijijini. Kijana mmoja wa ndugu hao ana redio. Saa saba akaifungua. Wamekusikia, Dorotea. Wamesikia sauti yako inasema marehemu wao ni waasi. Wanawake wa kwaya, na sare zao, wamelazwa hapa mbele yetu, na sauti yako inasema wamesafishwa." Akavuta pumzi. "Wanauliza yuko wapi yule dada yake. Na wa lori letu wameshawaonyesha. Ova."

"Dada, ondoka hapo. Mwambie Ngosha awashe gari. Ova."

"Wamelizunguka gari. Nimo ndani. Waambie wewe. Nitaweka hii redio nje ya dirisha waisikie yote. Waambie sasa hivi kwamba si wewe uliyesema. Ova."

Ulisikika mlango wa lori ukifunguliwa, Ngosha akisema kitu kwa ukali, kisha kishindo. Mtu mwingine akakishika kile kipaza sauti. Alikuwa mwanamume, na aliongea polepole kama mtu aliyemaliza kulia.

"Tunakusikiliza, mama mtangazaji," alisema. "Tumenyamaza wote. Ongea, tusikie kama ni sauti ileile."

Mzee Yunus alimtazama Dorotea. Iqbal alimtazama.

Ilikuwa ileile. Hakuwa na nyingine. Dorotea akaweka kidole kwenye kitufe, akabonyeza.